Mwalimu na Kazi ya Kimya
Twapenda kuwalaumu watoto kwamba hawatulii. Lakini katika mazoezi ya kufundisha, mara nyingi tumeona kuwa mvurugaji ndiye aliyeshika chaki. Mtoto yumo katikati ya hesabu ya kugawanya, amekwisha kushusha tarakimu ya pili, mara mwalimu agonga ubao: "Andikeni tarehe vizuri!" Kichwa chainuka, hesabu yaanza upya. Mwaka 1907, mjini Roma, Maria Montessori alimtazama mtoto wa miaka kama mitatu akichomeka vipande vya mbao katika matundu yake zaidi ya mara 40. Hata alipoinuliwa pamoja na kiti chake hakuacha. Sisi tungalimkatiza mara ya tatu. Basi, ndugu mwanachuo, ukishatoa zoezi moja lililoeleweka, nyamaza. Kosa la tarehe lisahihishwe madaftari yakikusanywa.