Kopo la Bati na Elimu ya Kujitegemea

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Msemo huu tumezoea kuutaja tunapozungumza juu ya jembe na chakula. Ni nadra kuutaja tunapozungumza juu ya muziki. Hata hivyo, mtu akihudhuria harusi au mahafali hapa Kabanga ataona jinsi unavyotuhusu. Bendi ya vijana inapiga, gitaa la ridhim linasikika, besi inanguruma, ngoma zinavuma. Lakini inapofika zamu ya gitaa la solo, sauti yake inamezwa na vyombo vingine. Mpigaji akiulizwa, jibu lake ni moja: “Mwalimu, kifaa chake kinauzwa Dar es Salaam, nasi hatuna fedha.”

Kifaa anachokitaja ni kikuza sauti cha mguuni. Ni kiboksi kidogo kinachowekwa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya, na mpigaji hukikanyaga anapotaka solo yake ipande juu ya vyombo vya wenzake. Hoja yangu leo ni kwamba kifaa hiki kinaweza kutengenezwa na kijana anayeanza tu kujifunza ufundi, na kwamba shule na vyuo vyetu vya Kasulu na Kibondo vitafanya vema kukifanya somo.

Yafaa kwanza tujue kilichomo ndani yake. Gitaa la umeme lina sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hizo, umeme mdogo sana huzaliwa, ambao mara nyingi ni sehemu tu ya volti moja. Kazi ya kikuza sauti ni kuupokea umeme huo na kuutoa ukiwa na nguvu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Electro-Harmonix ya New York ilitoa kifaa cha aina hii kilichoitwa LPB-1, nacho kilikuwa na transista moja tu. Zaidi ya hiyo mna vikinza vinne, kapasita mbili, kirungu cha kuongezea na kupunguzia sauti, swichi na betri ya volti 9. Kikinza cha ohmu 10,000 na kingine cha ohmu 390 ndivyo huamua kiasi cha ukuzaji: gawanya cha kwanza kwa cha pili, utapata takriban 26. Je, ni mwalimu gani wa fizikia asiyetamani mfano kama huo, ambao mwanafunzi anaukokotoa asubuhi na kuusikia kwa masikio yake jioni?

Vipande vingi vya aina hiyo vimo ndani ya redio mbovu zilizorundikana kwa mafundi wetu. Mahali pa boksi la dukani, kopo tupu la bati latosha. Tena bati hilo, likiunganishwa na waya wa ardhi, huzuia mvumo usiingie katika sauti. Anayeanza atakosea, na hilo si aibu. Atachanganya miguu mitatu ya transista, atageuza betri, au atalehemu kiungo kisichoshika. Basi na apime kwa mita umeme ulioko kwenye mguu wa transista unaotoa sauti. Akikuta karibu nusu ya volti 9, kazi yake i njiani kufaulu. Akikuta volti 9 kamili au sifuri, na arudi kukagua viungo kimoja kimoja. Huko kutafuta kosa ndiko elimu yenyewe. Lakini mwalimu asisitize tangu siku ya kwanza kwamba betri ya volti 9 haimdhuru mtoto, ilhali amplifaya iliyochomekwa ukutani yaweza kuua; hiyo mwanafunzi asiifungue.

Wako watakaosema kwamba huu ni mchezo wa vijana, na kwamba shule zina upungufu wa madawati na maabara. Wengine watasema kwamba kifaa kilichotoka ng’ambo kimekamilika na chapendeza zaidi. Sikatai, pengine hata gharama, zikihesabiwa zote, hazitapishana sana. Lakini cha kununuliwa kikiharibika hutupwa, na mwenye nacho hubaki kama alivyokuwa. Aliyekitengeneza kwa mikono yake atakitengeneza tena, na kesho ataitengeneza redio ya jirani.

Mfano tunao kwa jirani zetu wa Kongo. Huko Kinshasa mzee Mawangu Mingiedi, aliyefariki mwaka 2015, aliunda kikundi cha Konono N°1 katika miaka ya 1960. Sauti ndogo ya likembe ilipomezwa na makelele ya jiji, hakungoja msaada. Alitumia sumaku kutoka vipuri vya magari makuukuu, akatengeneza vinasa sauti vyake mwenyewe. Sahani yao ya mwaka 2004 iliuzwa Ulaya, na wasikilizaji wa huko waliusifu mkwaruzo uleule uliotokana na vyombo vya kujitengenezea.

Historia yetu nayo yatufunza. Bendi zetu nyingi za dansi zilimilikiwa na mashirika na matajiri. NUTA Jazz, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mara nyingi magitaa na amplifaya vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki aliyeacha kazi aliondoka na kipaji chake tu. Msanii asiyemiliki chombo wala kukielewa huwa kibarua katika sanaa yake mwenyewe.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitutaka tutoe Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 2024 shule za sekondari zilianza kufundisha mkondo wa amali. Hatari iliyopo ni ileile ya zamani: kwamba tutauchora ufundi ubaoni, wanafunzi waunakili daftarini, kisha tuwape mtihani. Maofisa elimu na walimu wakuu wanapopanga bajeti zao, wasianze na orodha ndefu ya mashine. Waanze na chuma kimoja cha kulehemu, mita moja na makopo matupu. Na walimu wanaoandaliwa hapa katika Chuo cha Ualimu Kabanga wasitoke chuoni kabla ya kutengeneza kwa mikono yao kitu kimoja kinachofanya kazi.

Siku kijana wa Kabanga atakapolikanyaga kopo lake la bati na solo yake ikasikika hadi nyuma ya ukumbi, hatatuuliza tena kifaa kinauzwa wapi. Atatuuliza atengeneze nini kingine. Nasi walimu, ndugu zangu, tuwe tayari kumjibu.