Duka lipo, mlango haupo

Mimi sijambo, ila mfuko ndio mgonjwa. Nikupe kisa chenyewe, huenda kikakuokoa.

Mama watoto anashona magauni. Nikamwambia, "Wewe shona tu, tovuti niachie mimi. Intaneti ya nyumbani tunayo, laptopu ya zamani ipo kabatini, ya nini kulipa watu watuwekee?" Akatoa akiba yake ya vitambaa, nikanunua diski mpya na betri ya kushikilia umeme ukikatika. Siku ya tatu tovuti ikafunguka, magauni yanang'aa. Nikajiona profesa!

Tukampigia mdogo wake aliyeko Mbeya. "Haifunguki, shemeji." Mara mbili, mara tatu, wapi! Mama watoto akauliza taratibu: "Baba watoto, kumbe tunajiuzia wenyewe?"

Basi bwana, laptopu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa anwani. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la dunia la kuzigawa lilikauka Februari 2011. Ndiyo maana kampuni nyingi huwabananisha wateja kibao kwenye anwani moja. Ni kama nyumba ya kupanga: vyumba vingi, lango moja. Wewe ukitoka kwenda dukani, unarudi bila taabu. Lakini mgeni akibisha hodi langoni, nani ajue anakutaka wewe? Hafunguliwi.

Kwa hiyo msomaji wangu, kabla hujatoa hata shilingi, ingia kwenye ruta uangalie anwani yake ya upande wa nje. Ikiwa ni kati ya 100.64 na 100.127, au imeanza na 10 au 192.168, jua umepanga. Hata ufungue poti 80 na 443 mpaka asubuhi, unajisumbua. Waombe kampuni yako wakuuzie anwani ya umma isiyobadilika. Wakikataa, kodi kompyuta ndogo yenye anwani yake huko nje, seva yako ijiunge nayo, wageni wapitie huko.

Ukiipata anwani, usishangilie bado. Mteja anapotazama gauni, picha inapanda kutoka kwako, na vifurushi vingi hupandisha polepole kuliko vinavyoshusha. Uliza kasi ya kupandisha. Tena mlango ukifunguka, mwizi naye anaingia: programu zisasishwe, nywila iwe ngumu, na picha za familia zisikae kwenye mashine hiyo hiyo.

Sisi? Tumekodi nafasi kwenye seva ya watu, na shemeji wa Mbeya ameshaagiza gauni. Laptopu nafanyia mazoezi. Akiba ya vitambaa nailipa kidogo kidogo.

Wiki ijayo tukutane hapa hapa, kama sijafukuzwa!