Mwokoaji Hahesabiwi Miongoni mwa Majeruhi

Mizani ya Wiki
Na Zuhura Kimweri

Ajali kubwa inapotokea katika nchi za Afrika Mashariki, taarifa rasmi hufuata mpangilio unaofahamika: idadi ya waliofariki, idadi ya majeruhi, idadi ya walionusurika, kisha salamu za rambirambi na ahadi ya kuunda tume ya uchunguzi. Watu waliowatoa hao wote majini, motoni au chini ya kifusi hawamo katika hesabu hiyo, kwa sababu hudhaniwa kuwa wamerudi makwao wakiwa wazima, na uzima huo hupimwa kwa mifupa isiyovunjika na ngozi isiyoungua. Dhana hiyo ina kasoro kubwa, na wanaoilipia ni askari wa zimamoto, wahudumu wa magari ya wagonjwa, polisi wa usalama barabarani, wauguzi wa vitengo vya dharura, wafanyakazi wa mochari na, kwa kiasi ambacho sera za nchi hizi hazijakitambua hata kidogo, raia wa kawaida ambao mara nyingi ndio hufika kwanza.

Kiwewe, kwa wataalamu wa afya ya akili, ni athari inayobaki ndani ya mtu baada ya kukabiliwa na kifo au majeraha mabaya, yawe yamempata mwenyewe au ameyashuhudia yakimpata mwingine. Kwa watu wengi athari hiyo hufifia yenyewe baada ya wiki chache. Kwa wengine hukaa, ikajidhihirisha kwa ndoto za kutisha, kwa kumbukumbu zinazovamia mchana kweupe, kwa kukwepa mahali au harufu fulani, kwa kushtukashtuka na kukosa usingizi, na ikizidi mwezi mmoja huku ikimvurugia mtu kazi na nyumba yake, huitwa ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, ambao madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza katika mwongozo wao wa magonjwa mwaka 1980. Mwokoaji ana hali ya pekee katika maelezo haya, kwa kuwa tukio la aina hiyo, ambalo mtu mwingine huenda akalipata mara moja maishani, kwake ni zamu ya Jumatatu na zamu ya Alhamisi. Kinachomwelemea hatimaye si lazima kiwe lile janga lililotangazwa redioni; huenda kikawa mtoto wa kumi aliyeopolewa kisimani, ambaye hakuandikwa na gazeti lolote. Kazi ya kufukua miili ya wafuasi wa dhehebu la kidini katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilianza Aprili 2023 na ikaendelea kwa awamu hadi miili ikapita 400, na waliokuwa na majembe mikononi hawakuwa hata na faraja ya kutazamia kwamba wangemkuta yeyote akiwa hai.

Maandishi mengi kuhusu suala hili yametoka katika nchi tajiri, nayo humchukulia mwokoaji kuwa mtu mwenye sare, namba ya utumishi na bima. Sura hiyo hailingani na Ziwa Victoria. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba asubuhi ya Novemba 6, 2022, ikiwa na watu 43, waliowahi kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na mmoja wao, Majaliwa Jackson, ndiye aliyejulikana nchi nzima kwa kusaidia kuufungua mlango wa nyuma akitumia kasia. Alizawadiwa shilingi milioni moja, ikaagizwa pia kwamba apewe ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, uamuzi uliopokewa kwa shangwe na ambao safu hii haina sababu ya kuubeza. Hata hivyo mtumbwi wa asubuhi ile haukuwa mmoja, na watu 19, wakiwemo marubani wote wawili, walifariki karibu kabisa na ufukwe, mbele ya macho ya waliokuwa wakivuta kamba. Mjadala uliofuata ulihusu tuzo, boti na vifaa, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza wavuvi wale walilalaje usiku. Miaka minne kabla ya hapo, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakafariki, na katika kisiwa kidogo kama kile anayeopoa mwili humjua marehemu kwa jina, kwa ukoo na kwa deni alilokuwa akidaiwa dukani. Mwokoaji na mfiwa huwa mtu mmoja.

Kuna tabaka jingine la maumivu ambalo halielezwi vizuri na hofu peke yake. Daktari wa akili wa Marekani Jonathan Shay, aliyewatibu wanajeshi waliorudi kutoka vita vya Vietnam, alieneza katika miaka ya 1990 dhana ya jeraha la dhamiri, yaani uchungu wa mtu anayeamini kwamba alitenda, aliacha kutenda au alilazimika kushuhudia jambo lililovunja kile anachokishika kuwa haki. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza Mei 21, 1996, ikiwa na mamia ya abiria, ilielea kwa muda tumbo likiwa juu huku watu wakiwa hai ndani yake, na masimulizi yanayorudiwa hadi leo ni kwamba tundu lililotobolewa ili kuwatoa liliachia hewa iliyokuwa ikiishikilia meli, nayo ikazama. Jijini Nairobi, baada ya bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 7, 1998 lililoua watu 213, mwanamke aliyenaswa chini ya kifusi cha jengo la Ufundi aliwasiliana na waliokuwa wakimtafuta, akafariki kabla hawajamfikia. Sauti za watu walio hai chini ya zege zilisikika tena Kariakoo, Dar es Salaam, baada ya ghorofa kuporomoka Novemba 16, 2024 na kuua watu wasiopungua 29, na uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa. Anayeisikia sauti kama hiyo ikinyamaza akiwa na nyundo mkononi hubaki na swali ambalo ripoti ya mhandisi haiwezi kulijibu, hata ripoti hiyo ikithibitisha kwamba hakukuwa na njia nyingine.

Mwenye swali la namna hiyo huzungumza na nani? Tukio la Nairobi lilizaa ushahidi ambao unastahili kujulikana zaidi katika ukanda huu. Watafiti wakiongozwa na daktari wa akili wa Kenya Frank Njenga waliwahoji zaidi ya Wakenya 2,800 walioathiriwa na bomu hilo, wakachapisha matokeo mwaka 2004 katika jarida la madaktari wa akili la Uingereza: takribani asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribiana na vigezo vya ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Pamoja na mambo yanayotarajiwa, kama kuuona mlipuko, kujeruhiwa, kufiwa na kuishiwa fedha, orodha ya mambo yaliyoambatana na dalili hizo ilikuwa na jambo moja lisilo la kitabibu kabisa, nalo ni kutomweleza rafiki yaliyompata mtu. Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba kunyamaza ndiko kulikoleta ugonjwa, kwa kuwa huenda mgonjwa ndiye hunyamaza. Lakini unaonyesha mahali pa kutazama, na mahali hapo si lazima pawe hospitali.

Usaidizi rika ni utaratibu unaojengwa juu ya hoja hiyo: mtu anayefanya kazi ileile, mwenye cheo kisicho mbali na cha mwenzake, hufundishwa kusikiliza, kutambua dalili za hatari na kumwelekeza mwenzake kwa mtaalamu inapobidi, bila yeye mwenyewe kujifanya daktari. Historia yake ina onyo ndani yake. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi ya zimamoto na huduma za dharura kabla ya kubobea katika saikolojia, alipendekeza kikao cha pamoja muda mfupi baada ya tukio, ambamo kila mwokoaji angeeleza aliyoyaona na jinsi alivyojisikia. Kikao hicho kilienea duniani kwa kasi, kwa sababu kilikuwa rahisi kupanga na kilimpa mkuu wa kikosi jambo la kuandika katika taarifa yake. Tathmini zilizokusanya majaribio mbalimbali, hasa ile ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2002, zilibainisha kwamba kumkalisha mtu mara moja na kumtaka asimulie hakumkingi na ugonjwa huo, na kwamba kwa baadhi ya watu huenda kukaongeza madhara, jambo lililolifanya Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011, kusisitiza kuwa mtu asilazimishwe kusimulia.

Inasikitisha kwamba utaratibu unaopendwa na serikali nyingi za ukanda huu bado unafanana na ule uliokwisha kuachwa: baada ya janga, hutangazwa kwamba ushauri nasaha umetolewa, washauri hufika kwa siku moja au mbili, picha hupigwa, na mambo huishia hapo. Mfano ulio bora zaidi ni ule uliobuniwa ndani ya kikosi cha wanajeshi wa majini cha Uingereza, Royal Marines, katika miaka ya 1990 na kuchukuliwa baadaye na baadhi ya vikosi vya dharura vya nchi hiyo. Humo askari aliyefundishwa huzungumza na mwenzake takribani siku tatu baada ya tukio, si kwa kumchimba hisia bali kwa kupitia viashiria vya hatari vilivyoorodheshwa, kisha huzungumza naye tena baada ya mwezi na kulinganisha. Majaribio hayakuonyesha kwamba mbinu hiyo inafuta ugonjwa. Yalichoonyesha ni kwamba haidhuru, na thamani yake iko katika ile ziara ya pili, ambayo mshauri wa siku moja hawezi kuifanya kwa kuwa ameshaondoka.

Anayedai kwamba jambo hili ni geni kwa mila za Kiafrika atazame vituo vya tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Shirika la TASO lilianzishwa Uganda mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, wengi wao wakiwa wenye virusi au waliofiwa kutokana navyo, katika wakati ambapo dawa hazikuwepo na kilichoweza kutolewa kwa uhakika kilikuwa kuketi na mgonjwa bila kumwogopa. Tangu hapo, Tanzania, Kenya na Uganda zimefundisha waelimishaji rika wengi mno, wakiwemo mama wanaowashauri mama wenzao na vijana wanaowafuatilia vijana wenzao walioacha dawa, na mfumo wa afya umejifunza kuwapangia majukumu, kuwasimamia na kuwalipa posho, ingawa posho hiyo mara nyingi ni ndogo na huchelewa. Utaalamu wa kuendesha usaidizi rika, kwa hiyo, upo tayari ndani ya wizara za afya. Usichonacho ni mlango wa kuingilia kambini.

Mlango huo umefungwa na cheo pamoja na hofu ya faili. Askari hufundishwa kwamba uvumilivu ni sehemu ya sare yake, na afande anayemuuliza kama yuko salama ni yuleyule atakayependekeza apandishwe cheo, ahamishwe au anyang'anywe silaha, kwa hiyo jibu la busara kwake ni kwamba yuko salama. Sheria nayo imechangia. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humhesabu anayejaribu kujiua kuwa mtenda kosa, na Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, hadi Mahakama Kuu ilipotangaza Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Mahali ambapo kukiri kwamba mtu alijaribu kujiua ni kukiri jinai, mwenzake aliyefundishwa kumsikiliza huwekwa katika nafasi ya shahidi wa mashtaka. Usiri katika usaidizi rika, yaani ahadi kwamba yaliyosemwa hayatapelekwa kwa mkuu wa kituo isipokuwa pale ambapo maisha ya mtu yako hatarini, hauwezi kuachiwa wema wa mtu binafsi. Unahitaji kuandikwa katika kanuni na kuwekewa adhabu kwa anayeuvunja.

Suala la fidia linaweza kupitiwa kwa ufupi, kwa sababu msimamo wa kimataifa hauna utata: orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi iliyorekebishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2010 inautaja ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe waziwazi. Sheria za sasa za fidia kwa wafanyakazi ni ya mwaka 2007 kwa Kenya na ya mwaka 2008 kwa Tanzania. Lakini mvuvi wa Bukoba na dereva wa bodaboda anayembeba majeruhi wa barabarani kwa kawaida si waajiriwa wa yeyote, hivyo sheria hizo haziwagusi.

Kwa maoni ya safu hii, hatua ya kwanza si kujenga kituo kipya cha ushauri mjini. Ni kumpata askari mmoja au wawili katika kila kituo cha zimamoto, waliochaguliwa na wenzao badala ya kuteuliwa na mkuu, kuwafundisha, kuwapunguzia zamu ili ile ziara ya pili, ya baada ya mwezi, ifanyike kweli, na kuwaunganisha na mtaalamu wa hospitali ya rufaa ambaye jina na simu yake vinajulikana. Kwa raia, vikundi vya BMU vinavyosimamia mialo na uvuvi pamoja na vyama vya bodaboda vinaweza kubeba kazi hiyohiyo, kwa kuwa tayari vina viongozi na daftari la wanachama. Nchini Tanzania jukumu liko kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ambayo inaweza kuanza na kanuni chini ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007. Nchini Kenya, ambako Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti huduma za zimamoto, jukumu liko kwa magavana 47, na hakuna haja ya kumsubiri mwingine aanze. Bajeti za nchi zote mbili husomwa Juni, na msomaji anayeweza kumfikia mbunge au mwakilishi wake wa wadi amuulize mapema: fedha za afya ya akili ya waokoaji zimeandikwa ukurasa upi?