Lugha Iliyotunzwa na Waimbaji

Mwanafunzi wa chuo cha dini ana kazi nyingi: asubuhi darasani, mchana kufua nguo, jioni insha, usiku kwaya. Kiebrania alichofundishwa hukiacha mara mtihani uishapo. Miaka miwili ikipita, herufi zile 22, zisomwazo toka kuume kwenda kushoto, zimekuwa wageni kwake.

Je, taabu ile imepotea bure? Twasema, la. Kiebrania chenyewe kilikoma kuwa lugha ya nyumbani yapata mwaka 200, lakini Wayahudi hawakuacha kukisoma na kukiimba katika ibada. Waandishi wa Tiberia walitia alama juu na chini ya maneno ya Maandiko, kuonyesha jinsi ya kuyaimba. Mwaka 1881 Eliezer Ben-Yehuda alifika Yerusalemu, akaazimu nyumba yake inene Kiebrania tu. Mwanawe, aliyezaliwa 1882, akakinena tangu utoto. Ndivyo lugha ya ibada ilivyorudi jikoni na sokoni.

Basi mwanafunzi na aanze kwa kinywa, kamusi ifuate. Ajifunze mstari wa kwanza wa Zaburi ya 133, ambao Wayahudi huuimba hata leo, auimbe kila siku afuapo. Nanyi wazazi, msikiapo mwana wenu akiimba maneno msiyoyajua, msimkemee kwamba anacheza; huenda ndipo asomapo. Amina na haleluya, mzitamkazo kila Jumapili, ni Kiebrania pia.