Tangazo la Dominika na Mzabibu wa Arneis



Kaskazini-magharibi mwa Italia, mkoani Piemonte, kuna vilima viitwavyo Roero. Huko ndiko nyumbani kwa Arneis, mzabibu wa divai nyeupe ambao kufikia miaka ya 1960 ulikuwa karibu kutoweka. Mizabibu iliyosalia wakulima waliichanganya shambani na Nebbiolo, mzabibu mwekundu wenye thamani, ili ndege wavutwe na utamu wa Arneis, washibe, na kuiacha nyekundu. Yaani ulipandwa uliwe na ndege! Tena ni mzabibu msumbufu: hushikwa na ukungu upesi, na zabibu zake zikichelewa kuchumwa, divai hupoa ladha kwa kukosa uchachu.

Mwaka 1967 Alfredo Currado, mtengeneza divai wa Vietti katika kijiji cha Castiglione Falletto, alitaka kutengeneza divai ya Arneis peke yake. Zabibu hakuwa nazo. Familia yake husimulia kwamba alimwendea paroko mmoja wa Roero, akamwomba awatangazie waamini katika Misa ya Dominika kwamba yupo mtu anayenunua Arneis. Zabibu zikapatikana.

Wapo wanaonung'unika kwamba matangazo baada ya Komunyo ni marefu, na wapo watokao nje kabisa yanapoanza. Tangazo lile lilikuwa la soko, nami naona paroko yule alitenda vema. Kumhimiza mkulima atunze mbegu ya babu yake, ilhali hakuna aitakaye, ni kumtwisha mzigo tusioubeba sisi. Aliyeng'oa Arneis akapanda kinacholipa ada ya shule, mimi simlaumu hata kidogo. Hotuba juu ya urithi hazijazi kapu. Kilichokosekana Roero kilikuwa mnunuzi.

Mwaka 1989 sheria ya Italia iliipa divai ya Roero Arneis hadhi ya DOC, na leo mzabibu huo umetanda katika mamia ya hekta.

Kwetu hapa, ikiwa yupo mwenye mbegu ya zamani ya mtama au maharage isiyoonekana tena sokoni, au yupo anayeitafuta, afike ofisini kabla ya Jumamosi mchana. Nafasi katika matangazo ipo.

Nawatakieni Dominika njema.