Rezo ni chombo cha kazi

Sisi wachimbaji wa Tanganyika, tangu Manono mpaka Nyunzu, tunauliza Leta: intaneti itafika kwetu lini? Sheria ya tarehe 25 Novemba 2020 ilileta mfuko wa kupeleka mawasiliano kule kampuni za simu haziendi, juu hazione faida. Na wananchi walikwisha kutoa feza: kodi ya RAM ilikatwa mu inite za inchi nzima, mpaka ikafutwa mwaka 2022.

Mwaka 2025 Kinshasa ikapa Starlink ruhusa. Ni vizuri, lakini mchimba kasiterite atanunua ile antene na makuta gani?

Negosian anajua bei ya Londres mu simu yake. Sisi kule shimoni tunapokea tu ile anasema. Na udongo ukifunika mwenzetu, mtu anapanda kwanza kilima kutafuta rezo.

Basi tunaomba mambo mawili. Mfuko utangaze orodha ya vijiji vya Tanganyika na tarehe za kazi. Tena, kule kampuni inalipa redevansi, Code minier ya 2018 inaachia ETD 15%: wakubwa watoe mule antene moja ya watu wote.

Ndugu, tuulize pamoja, kila kijiji kwa chefu wake.