Mgeni Anapofika Keza: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Ngara

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Wilaya ya Ngara,
Mkoa wa Kagera.

YAH: MWONGOZO WA KUPOKEA WAGENI KATIKA NYUMBA ZA IBADA

Mheshimiwa,

Katika makanisa mengi ya Ngara, kabla ya baraka ya mwisho siku ya Jumapili, katibu husoma matangazo kisha huwaomba wageni wasimame. Mmoja husimama kule nyuma karibu na mlango, akataja jina lake na alikotoka. Waumini humpigia makofi, naye huketi. Mara nyingi mapokezi huishia hapo. Jumatatu mgeni huyo huamka katika chumba cha kupanga kwenye kata ya Keza bila kujua nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji iko wapi, wala mtoto wake akipandisha homa usiku amgongee nani mlango.

Barua hii inaelekezwa kwa ofisi yako, ingawa inazungumzia kanisa, kwa sababu wazee wa kanisa wanaotakiwa kumfuata mgeni huyo nyumbani kwake wana moyo wa kwenda, ila wanaogopa. Wanaogopa kuulizwa kesho: huyu mtu mlimpokea kwa idhini ya nani? Hofu hiyo ina historia, na historia yake inaanzia mpakani Rusumo.

Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takribani saa 24. Benaco ikawa mji wa mahema kabla dunia haijajua Ngara iko wapi. Zikafuata kambi za Lumasi, Musuhura, Kitali na Lukole ya Warundi, na Keza nayo ikawa na kambi yake. Haukupita muda wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Makanisa hayakukaa pembeni. TCRS, shirika la Kikristo ambalo limekuwa likihudumia wakimbizi nchini tangu 1964, lilifanya kazi katika kambi za Ngara. Wajesuiti, kupitia shirika lao la JRS, wakaanzisha Radio Kwizera mwaka 1995 ili wakimbizi na wenyeji wapate habari kwa lugha wanazozielewa. Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana, yenye makao yake Murgwanza, na Jimbo Katoliki la Rulenge, ambalo sasa linaitwa Rulenge-Ngara, zilijikuta na waumini ambao mwaka mmoja kabla hawakuwepo.

Wenyeji nao walilipa gharama ya wema huo, na hilo lisemwe wazi. Miti ilikatwa kwa kuni hadi vilima vikabaki wazi. Vyanzo vya maji vilielemewa. Silaha zilizovuka mpaka zilileta ujambazi barabarani ambao wilaya haijausahau. Serikali ilipotangaza Desemba 1996 kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo, wapo waliolia na wapo walioshusha pumzi. Katika nyumba nyingi, mambo hayo mawili yalitokea kwa mtu yuleyule.

Kisha ikaja Septemba 2013 na Operesheni Kimbunga, ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Miongoni mwa walioondoshwa walikuwamo watu walioishi nchini miaka mingi, waliooa na kuolewa huku na kuzaa watoto waliosoma shule zetu. Hakuna anayebisha kwamba dola ina haki ya kujua nani anaishi ndani ya mipaka yake, na ujambazi wa miaka ile haukuwa hadithi. Lakini somo lililobaki vijijini lilikuwa fupi na kali: usijihusishe na mtu usiyemjua.

Ngara ina ugumu wake ambao Dodoma haiujui. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana karibu neno kwa neno. Mhangaza wa kuzaliwa Keza akifungua kinywa mbele ya ofisa aliyehamishiwa hapa kutoka mkoa wa mbali, anaweza kuulizwa uraia wake, na kitambulisho cha taifa cha NIDA hakimfikii kirahisi kama kinavyomfikia mtu wa Morogoro. Mwaka 2018 magazeti yaliandika kwamba Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara mwenyewe alihojiwa na Idara ya Uhamiaji kuhusu uraia wake. Ikiwa askofu anaweza kuulizwa hivyo, mzee wa kanisa anayelima ekari mbili za mihogo na migomba atapata wapi ujasiri wa kumkaribisha mtu aliyefika jana jioni na begi moja?

Na wageni hawaishi kuja. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha pale Rusumo vilizinduliwa Aprili 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame, na tangu hapo malori yamevuta mama lishe, mawakala wa forodha, makondakta na vijana wa kupakia mizigo. Umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu, ulileta mafundi. Mkataba wa Januari 2021 ulioizaa kampuni ya madini ya Tembo Nickel umeifanya Kabanga kuwa jina linalotajwa na watafuta kazi kutoka kila mkoa. Wilaya jirani ya Biharamulo inaendelea kupokea wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe wao. Walimu na wauguzi wanapangiwa vituo huku wakitokea Mbeya, Lindi au Tanga, na baadhi yao huomba uhamisho kabla hawajajua njia zote za kijiji. Wapo pia vibarua kutoka Burundi, wanaovuka msimu wa kulima na ambao mashamba mengi ya wilaya hii yanawategemea, hata kama hakuna anayependa kulisema hilo mkutanoni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hulitumia neno hilo kumkumbusha mgeni asikae bure. Lakini jembe ni heshima pia: anayepewa jembe amepewa na mahali pa kulitumia, amehesabiwa. Makanisa ya Ngara yanaziweza siku mbili za kwanza. Kwenye ya tatu ndipo yanapokwama.

Wilaya hii, kuliko nyingi, haina sababu ya kukwama hapo. Askofu Christopher Mwoleka, aliyeiongoza Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996, alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga akiwa mwanakijiji miongoni mwa wanakijiji. Aliamini kwamba imani isiyogawana shamba na meza bado haijakomaa. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walipokutana chini ya umoja wao wa AMECEA mwaka 1976 na kuweka mkazo kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Rulenge ilikuwa na mengi ya kuonyesha. Jumuiya ni kaya chache zinazokutana katikati ya wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Humo ndimo inapojulikana nani anaumwa, nani kafiwa, nani hana mbegu. Waanglikana wana vikundi vya ushirika na Umoja wa Mama, na Wapentekoste wana makanisa ya nyumbani. Vyote vina uwezo ambao tangazo la Jumapili halina, yaani vinafika mlangoni kwa mtu.

Mgeni ana hofu moja kubwa ambayo haitaji akisimama kujitambulisha. Anajiuliza: nikifa huku, nani atanizika? Kijijini, jumuiya ndiyo inayochimba kaburi, inayopika na inayokesha. Asiye na jumuiya hulala usingizi wa wasiwasi. Parokia inayomtaka kwanza barua ya uhamisho kutoka alikotoka, ilhali alikimbia au aliondoka kwa haraka, inamwacha nje kwa sababu ya karatasi. Na wale wanaomtembelea mara ya kwanza wakiwa na bahasha ya michango mkononi hufanya jambo baya zaidi, maana hawatamkuta nyumbani mara ya pili. Haya ni ya makanisa yenyewe kuyarekebisha, na barua hii inayataja ili ofisi yako isidhani kwamba lawama zote zinapelekwa serikalini.

Penye serikali na kanisa kuelewana kwa maandishi, hofu hupungua. Canada ilianza hivyo mwaka 1979: kanisa la Wamenonaiti, kupitia shirika lake la MCC, lilitia saini makubaliano na serikali yakieleza nani atafanya nini mkimbizi anapofika, na makanisa mengine yakafuata. Italia ilifanya jambo la jinsi hiyo Desemba 2015, pale Jumuiya ya Sant'Egidio na makanisa ya Kiprotestanti walipokubaliana na serikali kuhusu njia salama za kuwapokea Wasiria. Mapokezi ya namna hiyo yanatuhusu kwa karibu. Kuanzia mwaka 2007 hivi, maelfu ya Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuishi katika kambi za Tanzania walipelekwa Marekani, na mashirika ya makanisa kama Church World Service yalikuwa miongoni mwa yaliyowapokea, kuwatafutia nyumba na kuwapeleka watoto shule. Majirani zetu wa kambini wamepokewa na waumini wa mbali waliojua wazi sheria inawaruhusu nini. Waumini wa Keza wanastahili kujua hivyo hivyo.

Ombi, Mheshimiwa, ni mwongozo wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi. Useme kwamba kiongozi wa nyumba ya ibada anayefikiwa na mgeni amfikishe kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji ndani ya siku zitakazopangwa, aandikwe katika daftari la wakazi, na kwamba kiongozi aliyefanya hivyo hatahesabiwa kuwa amemficha mtu. Useme pia mgeni asiye na karatasi apelekwe ofisi ipi, na kwamba anayemsindikiza hatawekwa ndani kwa kosa la kumsindikiza. Leo mzee wa kanisa ana njia mbili: kunyamaza au kumfukuza mgeni. Zote mbili zinainyima ofisi yako taarifa inayoitafuta. Jirani aliyemtembelea mtu Jumatano akanywa naye uji anamfahamu kuliko askari atakayemuuliza barabarani.

Serikali haina dini, na Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kila mtu kuabudu au kutoabudu. Kwa hiyo mwongozo uwe wa misikiti sawasawa na makanisa, na mgeni asiyetaka kuingia kokote asilazimishwe. Viongozi wa dini huitwa wilayani mara kwa mara kuzungumzia amani. Kikao kimoja kati ya hivyo kingetosha kuupitia mwongozo huu, watendaji wa kata wakiwemo na Uhamiaji wakiwemo, ili swali la mzee wa kanisa lijibiwe mbele ya wote.

Keza ingefaa kuwa kata ya kwanza. Ilikuwa na kambi, iko jirani na mpaka, na watu wake wanajua mgeni anagharimu nini na analeta nini. Mvua za vuli huanza Septemba, vibarua wakavuka, na kila tangazo la ajira huleta walimu wapya. Mwongozo ukitoka kabla ya hapo, jumuiya zitakuwa zimeusoma nyumba kwa nyumba kabla jembe la kwanza halijaingia shambani.

Nakala:
Mkuu wa Wilaya, Biharamulo
Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara
Kanisa Anglikana Tanzania, Dayosisi ya Kagera, Murgwanza